Hodi Isiyoitikiwa: Mwongozo wa Kutua Mnara Ukiwa Umefungwa

Mgeni mwenye adabu akifika mlangoni hupiga hodi. Asipoitikiwa hupiga ya pili, kisha ya tatu, halafu hugeuza njia akamwachia jirani salamu. Adabu hii imetuepusha na mengi: kumkuta mwenye nyumba bafuni, kukanyaga mbwa aliyelala, kusingiziwa sufuria iliyopotea. Rubani naye hupiga hodi, kwa redio. Lakini akikuta mnara wa kuongozea ndege umefungwa, hodi ya tatu haijaitikiwa, na nyuma yake wameketi abiria kumi na wawili na mabegi yao, hageuzi njia. Anaingia. Tena anaingia kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, kwenye sebule ambayo hajui nani amejilaza katikati yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya rubani huyo. Wasio marubani wasiuache, maana wao ndio wale kumi na wawili.

Kwanza: funga mnara

Huwezi kutua kwenye kiwanja chenye mnara uliofungwa kabla mtu hajaufunga, na njia za kuufunga ziko kadhaa. Iliyo rahisi kuliko zote ni kutoujenga. Marekani, taifa linalotuuzia ndege za Cessna, lina viwanja vya ndege vya umma zaidi ya 5,000, na vyenye mnara ni kama 500 na kidogo. Vilivyobaki vinaendeshwa na marubani wenyewe kwa kuambiana redioni nani yuko wapi, kama madereva wanavyopishana kwenye daraja la gari moja: mmoja anawasha taa, mwingine anawasha taa, na kila mmoja anaamini ya mwenzake ina maana ya "pita". Kwetu nako viwanja vya mbugani, kama Kogatende kule kaskazini mwa Serengeti au Ol Kiombo kule Maasai Mara, havina mnara wa kumsumbua mtu kuufunga. Kuna ukanda wa changarawe, mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, na kibanda cha kungojea wageni.

Njia ya pili ni saa za kazi. Viwanja vingi vya kati vina mnara mchana na havina usiku. Saa nne usiku kasoro dakika moja, rubani ni mtoto anayeshikwa mkono kuvushwa barabara. Saa nne kamili taa ya mnarani inazimwa, na rubani yuleyule, angali angani, anakuwa mtu mzima ghafla. Hakuna sherehe. Njia ya kurukia haikuhama, upepo ni uleule, ila sasa hakuna anayeitazama.

Ya tatu ni bajeti. Mwaka 2013 Serikali ya Marekani ilibana matumizi, na mamlaka yao ya usafiri wa anga ikatangaza kuifunga minara 149. Wabunge walipopiga hesabu ya minara iliyomo kwenye majimbo yao wenyewe, fedha zikapatikana. Ninaitaja kwa faida ya waziri yeyote wa fedha atakayesoma hapa: mnara ni jengo refu, wapiga kura wanauona kwa mbali.

Ya nne ni usingizi, na hii ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu haitangazwi. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2011, ndege mbili za abiria zilikuwa zinashuka kwenye kiwanja cha Washington, ng'ambo ya Mto Potomac, dakika chache kutoka Ikulu ya Marekani. Marubani wakaita mnara. Kimya. Waongoza ndege wa kituo cha mbali wakaupigia mnara simu. Ikaita hadi ikakata. Mtu alikuwemo, lakini alikuwa peke yake, kwenye zamu yake ya nne mfululizo ya usiku, na usingizi ulikuwa umemchukua. Marubani wakatua kama vile wako porini: wakatangaza walipo, wakatazama, wakaingia, mmoja baada ya mwingine, salama. Wiki tatu baadaye kule Reno, Nevada, ndege iliyobeba mgonjwa ikatua huku mwongozaji amelala, na kesho yake mkuu wa huduma za uongozaji ndege wa nchi nzima akajiuzulu.

Kiwanja cha Washington kinaitwa kwa jina la Ronald Reagan. Huyu ndiye rais ambaye Agosti 1981 aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa kugoma. Madai yao yalikuwa mshahara na saa za kazi. Mtu aliyelala peke yake ndani ya mnara wenye jina la Reagan, usiku wa nne mfululizo, alikuwa ameienzi historia bila kukusudia.

Wahenga wa kazi hii walikuwa na unafuu. Archie League, anayehesabiwa kuwa mwongoza ndege wa kwanza Marekani, alianza kazi St. Louis mwaka 1929 akiwa na bendera mbili, moja ya kuzuia na moja ya kuruhusu, na toroli la kubebea vitu vyake. Kufunga mnara kwake kulikuwa ni kusukuma toroli. Kila rubani aliona kwa macho kwamba mzee ameondoka.

Pili: piga hodi vibaya

Mnara ukishafungwa, masafa ya redio ya kiwanja yanageuka baraza. Kila mtu anasikia, kila mtu anaruhusiwa kusema, na mwenyekiti hayupo. Ukitaka kulivuruga baraza hili kwa gharama ndogo, anza kwa kutotaja jina la kiwanja. Marekani masafa kama 122.8 yamegawiwa viwanja vingi kwa pamoja, na aliye juu sana anavisikia vyote. Kwa hiyo wewe sema tu kwa haraka kwamba uko hatua ya mwisho kuingia njia 27, kisha nyamaza. Mtu aliye kilomita 80 kutoka kwako, ambaye naye anaingia 27 ya kwao, moyo utamruka. Atakata kona kuikwepa ndege isiyokuwepo. Ndiyo sababu wanaofundisha wanasisitiza jina la kiwanja litajwe mwanzo wa tangazo na lirudiwe mwishoni, kama mama anayemwita mtoto kwa jina kabla ya kumtuma dukani na tena anapokuwa mlangoni.

Wapo waliogundua njia ya mkato. Badala ya kusema wao wako wapi, wanauliza: aliyepo kiwanjani ajitaje. Ni sawa na mgeni anayesimama mlangoni akauliza "Mko wangapi humo?" Kitabu cha mwongozo cha marubani wa Marekani kimekataza msemo huo waziwazi, na bado unausikia kila siku. Ubaya wake ni kwamba walio sita watajibu wote kwa pamoja, na redio za ndege hazina nafasi ya sauti mbili. Wawili wakibonyeza kitufe sekunde moja, wengine husikia mluzi tu. Mluzi kama huo ulisikika kisiwani Tenerife tarehe 27 Machi 1977, pale sauti ya mnara na sauti ya rubani wa Pan Am zilipogongana masikioni mwa marubani wa KLM waliokuwa tayari wanakimbia kuruka. Ndege hizo mbili ziligongana, watu 583 wakafa, na siku ile mnara ulikuwa wazi, waongozaji wakiwa macho.

Usisahau pia kukikalia kitufe. Kuna rubani, huwa yupo siku zote, ambaye kitufe chake cha redio kimebanwa mahali, na baraza zima linalazimika kusikiliza anavyomsimulia abiria wake bei ya kiwanja alichonunua Kibaha, huku wenye haja ya kutua wakizunguka bila kuweza kusema neno.

Halafu kuna kimya. Mwanafunzi wa urubani hudhani kimya maana yake ni hakuna mtu. Mzoefu anajua kimya kina wenyewe wengi. Yupo aliyesahau kubadili masafa na anajitangaza kwa ufasaha kwenye kiwanja cha jana. Yupo aliyepunguza sauti ili amsikie abiria. Yupo mwenye ndege ya zamani isiyo na umeme wala redio, kama zile Piper Cub za Marekani, na sheria ya huko inamruhusu kuingia kwenye kiwanja kisicho na mnara hivyohivyo, bubu. Huyo hutamsikia kamwe. Utamwona, ukitazama.

Tatu: chagua upande, usimwambie mtu

Kila njia ya kurukia ina majina mawili. Namba hutokana na dira: ukielekea digrii 100 unaitwa uko njia 10, ukigeuka ukaelekea digrii 280 lami ileile inaitwa 28. Ni kama mzee anayeitwa Baba Asha nyumbani na Mwalimu kazini. Ukiwasikia watu wanamsema Baba Asha na wewe unamjua kwa jina la Mwalimu, unaweza kukaa kikao kizima bila kung'amua kwamba mnamsema mtu mmoja.

Januari 2022, Airbus A320 ya JetBlue ilikuwa inaondoka Hayden, Colorado, kiwanja cha wacheza theluji ambacho wakati huo hakikuwa na mnara. Ilikuwa na kibali cha safari kutoka kituo cha uongozaji cha Denver, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kibali cha kituo cha mbali kinakuhusu wewe na anga. Kituo hicho hakioni lami ya Hayden. Airbus ikaanza kukimbia kwenye 10. Ndege ndogo aina ya King Air ilikuwa inakuja kutua kwenye 28, yaani uso kwa uso. Ilishajitangaza, na ilitaja 28. Kapteni wa Airbus alisikia, lakini kichwani alikuwa ameshaamua kwamba inakuja kwa upande wa kwake, nyuma yake. Alipong'amua inakuja mbele, alivuta usukani mapema kabla mwendo haujatosha, mkia ukaburuza lami, ndege ikapaa ikakata kona. Walikwenda kutua Denver wakiwa na mkwaruzo. Hakuna aliyeumia.

Wachunguzi wakaandika kwamba kapteni alisikia kile alichotarajia kusikia. Sina la kuongeza hapo, mimi nimeoa.

Na kama unaona kujipanga na wenzako kwenye mzunguko ni kupoteza mafuta, ruka foleni. Njoo moja kwa moja kutoka mbali, kwa kasi, wapishe wao. Agosti 2022 kule Watsonville, California, ndege yenye injini mbili iliingia hivyo kwenye kiwanja kisicho na mnara, na mbele yake kulikuwa na Cessna 152 ya injini moja inayozunguka taratibu kama baiskeli. Wa Cessna alimwona mwenzake anavyomjia, akasema redioni. Ndege ziligongana, watu watatu wakafa.

Quincy

Hapa sina namna ya kutania, kwa hiyo nasimulia tu.

Jioni ya tarehe 19 Novemba 1996, Beechcraft 1900 ya abiria ilikuwa inakuja kutua Quincy, jimbo la Illinois. Ilitoka Chicago ikapitia Burlington, Iowa. Ndani walikuwemo abiria kumi na marubani wawili. Quincy hakukuwa na mnara. Kulikuwa na njia zinazokatana, na Beechcraft ilikuwa inakuja kwenye ile inayoitwa 13. Mwanzoni mwa nyingine, namba 04, ndege mbili zilikuwa zimejipanga kuondoka: mbele King Air yenye watu wawili, nyuma yake Cherokee, kandege ka injini moja.

Beechcraft ilipiga hodi kama inavyotakiwa. Ilitaja jina la kiwanja, ikataja ilipo na njia inayoiendea, zaidi ya mara moja. Ilipokaribia, kapteni akaiuliza King Air kwa jina: mnasubiri hapo, au mnaruka? Swali la hodi haliwezi kuwa wazi kuliko hilo.

King Air haikujibu. Aliyejibu ni jirani. Rubani wa Cherokee, mtu ambaye hakuwa na uzoefu mkubwa, alibonyeza kitufe, akataja namba ya ndege yake, akasema anasubiri kuondoka kwenye 04, na akaendelea na maneno yaliyomtaja King Air. Wakati uleule, ndani ya Beechcraft, mashine inayotamka urefu kutoka ardhini ikasema "mia mbili", yaani futi mia mbili, na kuyafunika maneno yake ya katikati. Kilichowafikia marubani masikioni ni mtu anayesema anasubiri, na jina la King Air. Wakamshukuru. Wakasema watapita mbele yake. Cherokee hakurudi redioni kusema kwamba siyo yeye aliyeulizwa.

King Air ikaanza kukimbia. Zilikutana pale njia zinapokatana.

Kwa maelezo ya wachunguzi, ule mgongano wenyewe ulikuwa wa kunusurika. Waliokuwa kiwanjani walikimbilia Beechcraft, wakafika, wakavuta mlango. Mlango ulikuwa umekwama. Moto ulikuwa umeshaanza, na sheria ya wakati ule haikukilazimisha kiwanja kinachopokea ndege ya ukubwa ule kuwa na zimamoto kazini. Walikufa wote kumi na wanne wa ndege zote mbili.

Ripoti iliwabebesha marubani wa King Air mzigo mkubwa, kwamba hawakufuatilia masafa wala hawakutazama ipasavyo. Ikautaja pia ule ujumbe uliokatika. Mimi kila nikiusoma mkasa huu nakwama kwenye ile shukrani. Walikuwa watu wenye adabu. Walipiga hodi, wakaitikiwa, wakashukuru, na aliyewaitikia hakuwa mwenye mlango. Tangu niujue mkasa huo, hata nyumbani kwa watu nikisikia "karibu" kutoka uani, nauliza: nani mwenzangu?

Nne, au tano: washa taa kwa kidole

Turudi kwenye mwongozo, hesabu ya hatua imeshaniponyoka. Usiku kwenye viwanja vingi vya Marekani visivyo na mtu, taa za njia ya kurukia zimezimwa kuokoa umeme. Rubani aliye angani huziwasha mwenyewe kwa kubonyeza kitufe cha kuongelea redioni: mara saba ndani ya sekunde tano zinawaka kwa nguvu, mara tano kwa wastani, mara tatu hafifu. Ni hodi pekee duniani inayoitikiwa na shirika la umeme. Ukishabonyeza, giza lote la chini linafunguka kuwa mistari miwili ya lulu, na rubani aliyezunguka nusu saa akijiona yatima anahisi kukaribishwa.

Asihisi hivyo. Taa hazijui lolote. Hazijui kama kuna paa katikati ya lami, wala kama fundi ameacha trekta la kukatia nyasi. Tena hukaa dakika 15 tangu kubonyezwa mara ya mwisho, halafu huzimika zenyewe, hata kama magurudumu yako ndiyo kwanza yamefika mita kumi juu ya lami. Mwenye busara hubonyeza tena akiwa anaingia, hata kama zinawaka. Na kuna uchokozi ambao siushauri kwa mtu yeyote: aliyeko chini anaona mwanga unamchoma macho, anabonyeza mara tatu zikafifia, na aliye juu anaona kiwanja kinamkimbia.

Viwanja vyetu vya mbugani vimelimaliza tatizo hili kwa kutokuwa na taa kabisa. Jua likizama, kiwanja kimefungwa. Mtalii aliyechelewa kwa sababu simba alikuwa bado anakula hulalamika ndege imemwacha, akidhani kuna meneja wa kumlalamikia.

Mwisho: waondoe wenye nyumba

Porini mwenye nyumba hana redio. Ana pembe, au kwato, au ni ngiri aliyejipatia shimo lake pembeni mwa njia na kulipa kodi kwa kulipanua kila wiki. Nyumbu anapenda changarawe kwa sababu adui anaonekana kwa mbali. Pundamilia anapenda kwa sababu nyumbu yupo. Asubuhi mapema fisi hulala pale kwa kuwa ardhi imehifadhi joto. Hakuna kati yao anayejua tofauti ya 10 na 28.

Niliwahi kwenda huko kwa ndege ndogo aina ya Caravan iliyojaa, nikapewa kiti cha mbele kulia, kile ambacho kingekuwa cha rubani msaidizi kama angekuwepo. Kapteni alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mwenye kofia ya jua na chupa ya chai ya tangawizi miguuni. Alinivalisha vipokea sauti, akanipa masharti. "Kaka, usiguse kitu. Ukiona ndege nyingine, nionyeshe kwa kidole. Usipige kelele, abiria nyuma watadhani tunaanguka."

Nikajiona nimeajiriwa. Kwa dakika ishirini nilitazama anga kama mlinzi wa zamu ya kwanza.

Alianza kujitangaza tukiwa mbali, kwa Kiingereza cha anga, kile kisicho na "tafadhali" wala "samahani". Jina la kiwanja, sisi ni nani, tuko wapi, tunakusudia nini, jina la kiwanja tena. Kimya. Tulipokaribia akarudia. Kimya. Chini uliuona ule ukanda mwekundu kama plasta iliyobandikwa kwenye nyasi, na kandokando gari la hoteli limesimama. Dereva alikuwa ameshapita mwanzo hadi mwisho akipiga honi, na sasa aliwasha na kuzima taa za mbele kutuashiria kwamba kazi imefanyika.

Pundamilia watano walikuwa wanarudi nyuma yake, bila haraka, kama wanafunzi baada ya mwalimu wa zamu kupita.

Kapteni hakusema neno. Aliishusha ndege hadi nikaona masikio yao, akapita juu ya njia kwa mngurumo, pundamilia wakatawanyika wakiwa wamekunja mikia. Tulipogeuka, watatu walikuwa wamevuka na wawili walikuwa wamesimama katikati wakiwatafuta wenzao. "Haya, familia, amueni," akasema, safari hii kwa Kiswahili na kitufe hakijabonyezwa. Tulizunguka tena. Alijitangaza tena, kwa utulivu uleule, jina la kiwanja mwanzo na jina la kiwanja mwisho, kwa watu ambao kwa hesabu yangu hawakuwepo. Mara ya pili wakaondoka. Tukagusa, vumbi jekundu likafunika vioo vya pembeni, kokoto zikalia chini ya tumbo la ndege kama mahindi kwenye kikaango.

Akaitoa ndege kwenye njia, akaigeuza pale penye kibanda. Kabla hajazima injini, akabonyeza kitufe mara ya mwisho akatangaza kwamba tumetoka, njia iko wazi.

"Kapteni, unamwambia nani?" nikamuuliza. "Tangu tumeanza hakuna aliyejibu."

"Sijui," akasema. "Yeyote."

Vipokea sauti vikakwaruza. "Asante, dada," ilisema sauti ya kiume, kwa Kiswahili, kwa upole kabisa. "Nilikuwa nakusubiri."

Nikageuka dirishani. Nyuma ya kilima ambacho muda wote nilikuwa nakilinda, taa ya ndege ilichomoza, ikajinyoosha sawasawa na ukanda mwekundu, ikaja.

Kapteni aliitazama redio. Akakitazama kilima. Kisha akanitazama mimi na kidole changu ambacho sikukinyoosha hata mara moja, akavua vipokea sauti, akashuka kwenda kuhesabu mabegi.